SOMO: MOSHI WA MASHINE YA KUSAGA



Vikundi vingi vimenunua mashine ya kusaga ili kujiinua. Akina mama hawabebi tena mahindi kwa kichwa hadi sokoni, na kila gorogoro inaacha pesa kidogo kikundini. Hilo ni jema. Lakini katika ziara zetu tuliona jambo lililotusumbua. Katika kibanda kimoja injini ya dizeli ilikuwa ndani, dirisha limezibwa kwa gunia ili unga usipeperuke, na bomba la moshi limeishia pale pale chini ya mabati. Kijana anayesaga alikuwa akikohoa, macho mekundu. Mwenyekiti akatuambia, "Huyo ameshazoea." Kijana mwenyewe alisema kila jioni kichwa kinamgonga, ila Jumapili, siku asiyosaga, anapata nafuu.

Je, mtu huzoea moshi? Pua huzoea harufu. Mapafu hayazoei.

Moshi huu una nini?

Una masizi, chembe ndogo sana zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Una gesi zinazowasha macho na koo. Una pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba hewa safi. Hiyo huleta kuumwa kichwa na kizunguzungu, na mahali palipofungwa inaweza kuua.

Mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema moshi wa dizeli huenda unaleta saratani. Mwaka 2012, baada ya kuchunguzwa wafanyakazi wengi, wakiwemo wachimba migodi zaidi ya 12,000 wa Marekani, neno "huenda" liliondolewa. Moshi huu unaleta saratani ya mapafu.

Tufanye nini?

1. Toeni moshi nje. Fundi aunge bomba la chuma kwenye injini, lipite ukutani na kupanda juu ya paa. Lisielekee dirishani wala wateja wanapopanga foleni. Liwe pana na kona chache, injini isikabwe. Viungo visivuje. Bomba huwa moto sana, kwa hiyo lisiguse mbao wala nyasi.

2. Hewa ipite. Wekeni madirisha pande mbili na mwondoe gunia. Kama unga unapeperuka, fungeni mfuko kwenye mdomo wa kinu.

3. Tunzeni injini. Moshi mweusi mara nyingi ni filta ya hewa iliyojaa vumbi, nozeli mbovu au mzigo uliozidi. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili. Msingoje ife, mwiteni fundi.

4. Punguzeni muda wa kukaa kwenye moshi. Sagueni kwa zamu. Watoto wasikae ndani. Wateja wakiisha, zimeni injini.

5. Msitegemee leso. Kitambaa puani hakizuii gesi hizi.

Mtu akiona kizunguzungu, atolewe nje mara moja, injini izimwe, apelekwe zahanati. Na kama umeme umefika kwenu, pigeni hesabu ya mota ya umeme, kwa maana haitoi moshi kibandani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wanaomfanyia kazi. Mashine ikiwa ya kikundi, mwajiri ni nani? Ni kikundi chenyewe, kila mwanachama anayegawiwa faida.

Kile kikundi tulichotembelea kilikuwa na akiba ya kupaka kibanda rangi. Tulizungumza mpaka jua likatua. Wakakubaliana: bomba kwanza, rangi baadaye.

Maswali ya kujadiliana

- Moshi wa mashine yetu unaishia wapi? Twendeni tukaone.
- Anayetusagia tumewahi kumwuliza hali yake?
- Bomba litagharimu kiasi gani, na nani atamwita fundi wiki hii?