Somo: Nyumba, Kona na Kutafuta Mwenzi



Somo letu safari hii limetokana na swali. Jumapili moja baada ya ibada alinijia mwanafunzi wangu wa zamani wa chuo, ambaye sasa ni mwalimu wa siku nyingi. Akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," kisha akasimama kimya kama mtu aliyesahau alilotaka kusema. Mwishowe akatoa mkobani kijitabu cha Kiingereza kinachofundisha kupanga vyumba ili mtu apate mchumba na hatimaye ndoa. Alikuwa amekwisha kuhamisha kitanda, amenunua bata wawili wa udongo, na picha ya mama yake marehemu iliyokuwa ukutani ameipeleka kwa kaka yake. "Mwalimu," akaniuliza, "hili ni dhambi? Na kama si dhambi, mbona halifanyi kazi?"

Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake. Kwa ruhusa yake nayajibu hapa, maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Feng shui ni maneno mawili ya Kichina, yaani "upepo" na "maji". Ni elimu ya kale ya kuchagua mahali na kupanga majengo ili pumzi ya uhai, ambayo Wachina huiita chi, ipite vema, isipeperushwe wala isituame. Kitabu mashuhuri cha mwanzo cha elimu hii hakihusu chumba cha kulala hata kidogo. Ni Kitabu cha Maziko, ambacho kwa desturi husemwa ni cha Guo Pu, aliyeishi tangu 276 hadi 324, nacho chahusu mahali pa kuwazika wazee ili watoto na wajukuu wastawi. Nyumba za walio hai nazo zilifuata kanuni za namna hiyo: kilima nyuma, maji mbele, uso wa nyumba kusini.

Mimi nilifundisha jiografia, kwa hiyo siwezi kuyacheka hayo yote. Kaskazini ya China upepo wa baridi kali huvuma kutoka kaskazini wakati wa kipupwe, na jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Nyumba iliyogeukia kusini ilipata joto na kukingwa na upepo. Kwetu hapa karibu na Ikweta hesabu hiyo haiendi vivyo hivyo, kwa sababu jua la adhuhuri huwa kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine. Mmisionari wa Kijerumani, Ernst Eitel, aliyefanya kazi Hong Kong, aliandika kitabu juu ya elimu hii mwaka 1873, akaona ndani yake mwanzo wa sayansi ya maumbile uliochanganyika na ushirikina. Nadhani hakukosea sana.

Sasa tuingie chumbani. Mashauri ya kijitabu hiki, kama ya vingi vya aina yake, ni haya. Mchago ukae kwenye ukuta mzima, usiwe chini ya dirisha. Alalaye auone mlango, lakini miguu isiuelekee moja kwa moja, kwa kuwa hivyo ndivyo maiti atolewavyo. Kitanda kisibanwe ukutani, bali pawe na nafasi pande zote mbili, pamoja na meza mbili ndogo na taa mbili. Pasiwe na boriti juu yake inayowagawa wawili walalao. Godoro liwe moja, si mawili yaliyosogezwa pamoja. Kioo kisionyeshe kitanda, maana wanasema humwingiza mtu wa tatu katika ndoa. Uvungu usijazwe masanduku. Picha za mtu aliye peke yake ziondolewe, na badala yake viwekwe vitu viwili viwili, hasa bata wa mandarini, ambao kwa Wachina ni alama ya ndoa tangu zamani. (Wajuzi wa ndege wanatuambia kuwa dume la bata hao huondoka na kumwachia jike kazi ya kulea vifaranga. Hilo sikumwambia binti yetu siku ile.)

Ukiyasoma hayo kwa utulivu utaona kuwa mengi ni adabu tu ya mwenye nyumba anayemtazamia mtu. Aliyezoea kukaa peke yake huijaza nyumba yote kwa nafsi yake. Nimetembelea nyumba nyingi za walimu wasiooa: kitanda kimesukumwa pembeni, kiti kimoja mezani na cha pili kimelaliwa na madaftari, wala mgeni hana pa kutua mkoba. Kutoa madaftari kitini ni jambo jema. Kulala mahali unapouona mlango humtuliza mtu, hasa mwanamke akaaye peke yake. Faida hizo zapatikana hata kwa mtu asiyejua chi ni nini.

Taabu inaanza kwenye kona. Chukua karatasi uchore chumba cha mraba, kaskazini ikiwa juu, na mlango uwe katikati ya ukuta wa kusini. Mafundi wa feng shui wanaotumia dira hugawanya nyumba kwa alama nane ziitwazo bagua. Kwao kusini-magharibi ni upande wa Kun, alama ya ardhi na ya mama, na huko ndiko ndoa inakotengenezwa. Kwa kuwa katika hesabu yao moto huzaa udongo, huweka huko mishumaa, taa na vitu vyekundu. Vema, tia alama.

Lakini kuna madhehebu ya Kofia Nyeusi, yaliyoenezwa Marekani na Lin Yun (1932–2010), na vitabu vingi vya Kiingereza vinayafuata. Hao hawatumii dira, bali hupima kuanzia mlangoni: kona ya ndoa ni ile ya mbali, mkono wa kulia wa aingiaye. Simama basi mlangoni katika mchoro wako. Unatazama kaskazini, na kona ya mbali ya kulia ni kaskazini-mashariki, yaani inakabiliana kabisa na ile ya kwanza. Tia alama ya pili.

Bado. Wengine hutafuta "maua ya mpichi", yaani bahati ya mapenzi ya mtu kwa mnyama wa mwaka wake. Aliyezaliwa katikati ya 1988 ni wa mwaka wa joka, na upande wake ni magharibi, aweke huko chombo cha maua. Sasa chumba ni kimoja, mtu ni mmoja, na alama ni tatu.

Binti yetu aliwahi kufuata njia ya pili. Rafiki yake akamwambia hiyo si ya asili, atumie dira, naye akahamisha kila kitu usiku ule ule. Miezi ikapita. Nilipomwuliza alifikiri kosa lilikuwa wapi, hakusema labda kitabu kimekosea. Alisema, "Labda kuna kitu ndani yangu kinachowafukuza."

Hapo ndipo niliposikitika. Shauri lenye kona tatu halishindwi kamwe. Usipopata mume, utaambiwa uliikosea kona, au kioo, au boriti hukuiona. Wazee wetu wa pwani wanalijua hilo kwa mganga aliyeweka zindiko kizingitini. Likishindwa, huuliza ni nani nyumbani aliyevunja mwiko. Lawama haimrudii fundi, humwangukia mwenye shida, ambaye tayari alikuwa na mzigo wa kutosha kutokana na maswali ya shangazi zake kila harusini.

Tena inafaa ajue kuwa kona hii ya mapenzi si nguzo ya mila ya Kichina kama vijitabu vinavyodokeza. Katika China ya zamani ndoa ilikuwa shauri la jamaa mbili. Mshenga alikwenda na kurudi, kama kwetu, na mwaka, mwezi, siku na saa za kuzaliwa kwa wawili hao vililinganishwa. Aliyewekewa mke na wazazi hakuwa na haja kubwa ya kumvuta kwa mshumaa mwekundu. Serikali ya Mao Zedong ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa kwa Sheria ya Ndoa ya 1950, na serikali hiyo hiyo iliipiga vita feng shui ikiihesabu kuwa ushirikina. Elimu hiyo ikaendelea Hong Kong, Taiwan na miongoni mwa Wachina wa ng'ambo, kisha ikaingia nchi za Magharibi. Huko ilikutana na watu wengi waliotakiwa kujitafutia wenzi wenyewe, mmoja mmoja, katika miji mikubwa, bila mshenga. Kwa maoni yangu vitabu vya kona ya mapenzi vimestawi kwa upweke huo.

Turudi kwenye swali la dhambi. Kuhamisha kitanda si dhambi. Kumtaka mtu akupigie ramli ya bahati yako ni jambo jingine. Soma Kumbukumbu la Torati 18, na Kasisi wetu yupo kwa atakayetaka kueleza yake faraghani. Mimi nilimfungulia binti yetu Mithali 19, mstari wa 14, aone nyumba imewekwa upande gani na mwenzi wa ndoa upande gani. Kisha Mwanzo 24. Rebeka hakupatikana kwa kupanga hema. Alipatikana kisimani, akiwatekea maji ngamia wa mgeni. Na Isaka alipompokea, alimwingiza katika hema ya Sara, mama yake aliyefariki. Kumbukumbu ya Sara haikumzuia Rebeka kuingia.

Kwa hiyo nilimwambia akaichukue picha ya mama yake. Vitabu hivi humwagiza hata mjane aondoe chumbani alama za marehemu ili nafasi ipatikane. Mimi nina miaka minne sasa, na kanga ya marehemu mke wangu ingali imetundikwa nyuma ya mlango. Atakayekuja nyumbani kwangu ataikuta.

Picha ameirudisha ukutani. Kitanda amekiacha kilipo, kwa kuwa kuna hewa zaidi. Bata wako juu ya kabati, na kwaya ya vijana, aliyokuwa ameiacha kwa kuona haya, ameirudia.

Vikundi vya mafunzo vitakaokutana Jumatano visome Mwanzo 24 yote kabla ya kuja, maana sura ni ndefu.