Nyuzi 90 Zisizopatikana

Swali: Katika MAD-X, programu ya CERN, nataka awamu ya boriti isonge nyuzi 90 kwa kila seli ya FODO. Mbona haifiki?

Jibu: Angalia kizio kwanza. MAD-X hupima awamu kwa mizunguko kamili: andika 0.25, si 90. Wengi hunaswa hapo.

Kisha shika kalamu kabla ya kuisumbua kompyuta. Kwa sumaku fupi za kwadrupoli, sini ya nusu ya awamu ni urefu wa seli ugawanywe kwa mara nne ya urefu wa fokasi. Seli ya mita 10 inadai fokasi ya mita 3.54 hivi; ikishuka chini ya mita 2.5, boriti haitulii na programu haina cha kutafuta. Anzia kwenye hiyo 3.54, ukiziachia kwadrupoli mbili za seli, zenye alama kinyume, zibadilike kila moja kivyake.