Lulu si Jiwe



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, neno lulu tunalijua sote. Tunalisoma katika Suratur-Rahman, aya ya 22, likiwa pamoja na marjani, na wapo mabinti wanaoitwa hivyo. Lakini pambo lenyewe wengi wetu hapa Kivukoni hatujalishika mkononi, maana bahari iko mbali nasi. Ndiyo sababu nilifanya kosa ninalotaka kuwasimulia.

Bibi yangu ana hereni za lulu alizonunuliwa na marehemu babu huko Unguja. Siku mbili kabla ya harusi ya dada yangu aliniomba nizing'arishe. Nikachukua ndimu na majivu, nikazisugua kama nisuguavyo sinia la shaba. Zilipokauka, zilikuwa zimefifia mithili ya chaki. Bibi hakunigombeza. Alizivaa hivyo hivyo, nami kila nilipomtazama niliinamisha uso.

Nilidhani lulu ni jiwe. Kumbe haichimbwi ardhini kama rubi za jirani zetu wa Mahenge. Hutengenezwa na mnyama aliye hai, chaza, anayeishi baharini ndani ya magamba mawili. Chini ya gamba upo utando laini wa nyama, na kazi yake ni kulijenga gamba hilo kwa tabaka nyembamba mno za chokaa zilizoshikamanishwa na protini. Tumezoea kufundishwa kwamba punje ya mchanga ikiingia, chaza huifunika ikawa lulu. Hilo ni nadra, kwa kuwa chaza amezoea mchanga na hujua kuutoa. Mara nyingi sababu ni jeraha au kijidudu kinachotoboa: chembe za ule utando husukumwa ndani ya nyama, hujifanya kifuko, kisha huendelea na kazi yake ile ile, tabaka juu ya tabaka. Mwanga unapoingia katika tabaka hizo na kurudi, ndipo tunapoona mng'ao.

Binadamu naye alijifunza kumchokoza chaza kwa makusudi. Mjapani Mikimoto Kokichi alipata nusu-lulu za kufugwa mwaka 1893. Kwetu Tanzania, katika miaka ya 2000, wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja, waliwafundisha ufugaji huo wanavijiji wa Ghuba ya Menai, kama Bweleo, wengi wao wakiwa akina mama. Hubandikwa kitu chenye umbo la nusu duara ndani ya gamba, chaza akarudishwa baharini, na baada ya miezi kadhaa kitu kile kimekwisha kufunikwa. China nayo hufuga lulu kwa wingi ndani ya kome wa maji baridi, katika mabwawa. (Vijana, msikimbilie kuvunja makome ya mto Kilombero. Mamba wapo.)

Sasa turudi kwenye hereni za bibi. Chokaa na ndimu haviwezi kukaa pamoja: tindikali huila chokaa, na tabaka likishaliwa halirudi. Siki ni hivyo hivyo, na jasho nalo hudhuru polepole. Kwa hiyo jipake mafuta na marashi kwanza, acha yakauke, ndipo uvae lulu. Ukirudi nyumbani iwe ya kwanza kuvuliwa, uifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Pete ya lulu ivue unapotawadha au kufua. Usiitie katika sabuni ya unga wala dawa ya kung'arishia nguo. Kidani kilicholowa usikitundike, kilaze mpaka uzi ukauke, la sivyo utanyooka. Tena lulu ni laini, hukwaruzwa na dhahabu na mawe mengine, basi iwekee kifuko chake cha kitambaa. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki miaka na miaka ukidhani unaihifadhi, kwani hupenda kuvaliwa.

Zoezi la nyumbani: Tia kipande cha ganda la yai katika kikombe cha maji ya ndimu. Ganda hilo nalo ni chokaa. Tazama mapovu, liache mpaka asubuhi, liguse kwa kidole, kisha andika ulichokiona.