MTOTO AJIFUNZE KULA KWA MKONO WAKE



Somo letu la leo linahusu mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1 na zaidi kidogo. Huyu ni mtoto anayetoka kwenye kunyonya tu na kuingia kwenye chakula cha nyumbani. Safari hiyo ni fupi, lakini watoto wengi hukwama njiani. Hukwama kwenye uji mwepesi.

Wengi wetu tumeona jambo hili. Mtoto ana miezi 10. Anakaa, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Lakini chakula chake ni kile kile alichoanza nacho: uji wa kunywa, asubuhi na jioni. Akinyoosha mkono kwenye sahani ya wakubwa anaambiwa, "Acha, utachafua!" Basi mkono unarudi mtupu.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Hata masomo yanaweza kumwia magumu baadaye. Udumavu una sababu nyingi, kama vile maradhi ya mara kwa mara na maji machafu. Chakula kisichotosha ni sababu mojawapo, na hiyo tunaweza kuipunguza jikoni mwetu.

KWA NINI UJI MWEPESI HAUTOSHI

Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Kwa mara moja hubeba kama mililita 200 tu, yaani chini ya kikombe cha chai kilichojaa. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Mtoto anashiba, lakini mwili haujapata kitu. Baada ya muda mfupi analia tena, nasi tunasema, "Mtoto huyu ana deko."

Hebu pima uji wako. Uchote kwa kijiko, kisha kiinamishe kidogo. Ukimwagika kama maji, ni mwepesi mno. Uji wa mtoto ukae kwenye kijiko.

Maziwa ya mama yaendelee. Kati ya miezi 6 na 12, maziwa hayo humpa mtoto nusu ya nguvu anazohitaji, au zaidi. Anyonye mpaka afike miaka 2 au kupita. Chakula kinaongezwa juu ya maziwa, hakiji kuyafukuza.

HATUA KWA HATUA

Miezi 6: Anza na chakula kilichopondwa laini, kama uji mzito, kiazi kitamu, ndizi au parachichi. Mpe vijiko 2 au 3 vya kulia kwa kila mlo, mara 2 kwa siku. Ongeza pole pole.

Miezi 7 hadi 8: Ponda kidogo tu, chakula kibaki na vibonge laini. Mtoto ajue kwamba chakula si kitu cha kumeza tu, kinatafunwa. Sasa ale mara 2 hadi 3 kwa siku, mpaka afike nusu kikombe cha mililita 250 kwa mlo. Kuanzia miezi 8 hivi, watoto wengi wanaweza kushika chakula wenyewe. Mpe kipande cha kiazi kilichoiva sana, kirefu kama kidole chako, ili akishike huku ncha ikitokeza. Papai na ndizi mbivu pia vinafaa.

Miezi 9 hadi 11: Sasa anaokota kwa kidole gumba na cha shahada. Mpe vipande vidogo na laini: boga, maharage yaliyoiva na kubonyezwa, yai lililochemshwa na kuvunjwavunjwa, samaki aliyetolewa miiba yote. Ale mara 3 hadi 4 kwa siku.

Mwaka 1: Ale chakula cha nyumbani, kikiwa kimekatwakatwa. Apate robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa mlo, mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati kama tunda.

Usisahau vyakula vya kuongeza damu. Maini, nyama iliyosagwa na dagaa waliotwangwa vichanganywe kwenye chakula chake. Hata kijiko kimoja cha unga wa dagaa kina faida. Haba na haba hujaza kibaba.

"ATAPALIWA!"

Hofu hii iko katika nyumba nyingi. Sikilizeni mazungumzo haya ya bibi na mkwe wake.

Bibi: We mwanangu, unampa mtoto kiazi hicho chote? Atapaliwa!

Mkwe: Mama, nimekichemsha sana. Tazama, nikikibana kwa vidole 2 kinapondeka.

Bibi: Na meno hana!

Mkwe: Fizi zake zinaponda, mama. Jana alikula akamaliza.

Bibi: Haya. Lakini usiondoke hapo alipo.

Mkwe: Siondoki, mama.

Mkwe ana kipimo kizuri: chakula kinachopondeka kati ya vidole 2 kitapondeka kwenye fizi. Bibi naye amesema neno kubwa. Mtoto anayekula asiachwe peke yake. Akae wima, asilale, asitambae na chakula mdomoni. Asilishwe akilia wala akicheka.

Vitu hivi asipewe: karanga nzima, bisi, punje za mahindi, muwa, pipi, karoti mbichi, na bonge la nyama ngumu. Karanga zitwangwe laini kabisa, zichanganywe kwenye uji. Asali nayo isubiri mpaka apite mwaka 1, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto mchanga.

AKIPALIWA TUFANYE NINI?

Mtoto akikohoa kwa nguvu na machozi yakamlenga, bado anapumua. Mwache akohoe, mkae naye. Hivyo ndivyo anavyojifunza.

Hatari ni pale anaponyamaza. Hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Kama hajafika mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, na ushikilie taya lake. Mpige kwa kiganja katikati ya mabega, mara 5. Kama kitu hakijatoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Rudia, huku mwenzako akitafuta msaada. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Mwombeni mhudumu wa zahanati awaonyeshe jinsi ya kufanya, pamoja na njia ya kumsaidia mtoto aliyepita mwaka 1.

MIKONO NA BAKULI

Mkono wa mtoto ndio kijiko chake. Uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na wako pia. Chakula kilichokaa tangu asubuhi hadi mchana kwenye joto kinaweza kumharisha.

Mpe mtoto bakuli lake. Akila sinia moja na kaka zake, wenye mikono mikubwa watamaliza, nawe hutajua amekula kiasi gani. Mkeka utachafuka, ni kweli. Tandika kitambaa chini. Mwache ashike, nawe umsaidie kwa kijiko. Usimkabe, wala usimlazimishe. Zungumza naye, ngoja, kisha mpe tena. Chakula alichokitema leo anaweza kukipenda baada ya kukionja mara nyingi.

Wakati wa kulima tunawaachia dada na kaka wadogo kazi hii. Lakini mtoto wa miaka 8 hawezi kumwokoa mwenzake aliyepaliwa. Vipande vya kushika vitolewe mtu mzima akiwapo. Baba naye ana mikono: jioni mama anapopika, baba akae na mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yenu, mtoto mdogo ana bakuli lake?
2. Tajeni vyakula 5 vya kijiji chenu ambavyo mtoto wa miezi 9 anaweza kushika na kula.
3. Mtoto anayekohoa na mtoto aliyenyamaza, yupi yuko hatarini? Kwa nini?
4. Wakati wa kulima, nani atamsimamia mtoto anapokula?

KAZI YA KUFANYA: Kesho asubuhi pima uji wa mtoto kwa kijiko. Ukimwagika, ongeza unga.