Shangazi, mwanangu anachora maiti

 Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga, jioni nauza samaki wa kukaanga. Kijana wangu mkubwa ana miaka 13. Mjomba wake anafanya kazi Maskati, na alipokuja likizo alimletea kishikwambi kilichojaa vitabu vya katuni vya Kiingereza, vya wale watu wanaovaa majoho na kuruka angani. Nilijua ni vya kitoto, sikujali. Juzi nimefungua daftari lake la Hisabati nione kama amesahihishiwa, nikakuta mtu mwenye joho ameshika kichwa cha mwenzake mkononi, damu chapachapa. Nimekutumia picha. Baba yake anasema mtoto kaingiliwa, akasomewe, na kishikwambi kitupwe baharini. Mdogo wake wa miaka 6 naye sasa hataki taa izimwe usiku. Enzi zetu katuni zilikuwa za kuchekesha tu. Nifanye nini?

Mama wa Makorora

 Kwanza, mwanangu, kamzuie mzee na hicho kishikwambi, samaki hawana shida nacho.

Kosa la mjomba ni lile lile uliloungama mwenyewe: kaona michoro, akajua ni mambo ya watoto. Zamani asingekosea sana. Mwaka 1954 wachapishaji wa vitabu vya katuni wa Marekani, walipobanwa na wazazi na wanasiasa, walijiwekea kanuni: vitisho na damu marufuku, na mwema lazima amshinde mwovu kila mara. Watoto waliolelewa na vitabu hivyo wakakua, wakaota ndevu, na bado wakataka kumsoma Batman, mmoja wa hao wenye majoho. Mwaka 1986 mwandishi Frank Miller akawapa Batman mzee, mwenye maumivu na hasira. Mwaka huo huo mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons wakaanza kutoa Watchmen, ambamo mashujaa wenyewe ni watu wa kutiliwa shaka. Ni kazi nzito zile, mimi nazivulia kofia. Waliofuata ndio walioharibu mchuzi: walichukua damu, wakaacha akili iliyokuwa ndani yake, na Moore mwenyewe amewahi kulilalamikia hilo. Leo kuna kitabu kama The Boys, kilichoanza 2006, ambacho hata mtu mzima akikisoma itabidi aweke chai pembeni.

Nikupe kisa kimoja ambacho huwa kinanikosesha raha. Mwaka 1988 Batman alikuwa na msaidizi kijana, jina lake Jason Todd, na wasomaji wengi walikuwa wamemchoka. Wachapishaji wakatoa namba mbili za simu: ukitaka apone piga hii, ukitaka afe piga ile, na kila simu ilikuwa ya kulipia. Waliotaka afe walikuwa 5,343, na waliotaka aishi 5,271. Tofauti ni kura 72. Kijana, aliyekuwa ameshapigwa kwa mtaimbo na kulipuliwa kwa bomu, akafa. Huwa nawafikiria wale watu walioinua simu jioni, pengine mtoto ameshalala chumba cha pili, wakalipia kifo cha mvulana wa kuchorwa, halafu wakaenda kula.

Hata hivyo, mwanangu, usiniambie damu imeletwa na ndege kutoka Maskati. Sisi watu wa pwani tuna Liyongo. Shujaa asiyepenywa na chuma, mwanawe wa kumzaa akahongwa, akamvizia usingizini, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akaamka na upinde wake, akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafa vile vile amelenga. Mji mzima ukaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Ikabidi mama yake aende pale kisimani kumsihi mwanawe awaonee watu huruma, wakati mwana mwenyewe kashakuwa maiti. Hakuna katuni ya Marekani iliyowahi kuniumiza kama huyo mama anayembembeleza maiti.

Na hizo enzi zenu za kuchekesha, mmh. Kwenye gazeti la Sani tulicheka na Ndumilakuwili na Lodi Lofa, kweli, lakini chini ya godoro tuliweka riwaya ya Kikosi cha Kisasi ya Elvis Musiba, na shujaa wake Willy Gamba alikuwa anaua watu mpaka unapoteza hesabu. Kaka yangu alinipeleka sinema pale Majestic kumtazama jambazi Gabbar Singh katika filamu ya Kihindi ya Sholay. Mikono ya Thakur, adui yake, ilipokatwa nilijifunika uso kwa mtandio, nikachungulia. Kilichonifuata nyumbani haikuwa mikono, ukitaka kujua. Ni yule mkwe wa Thakur, mjane aliyevaa nyeupe, anayezima taa moja moja kila jioni bila kusema neno.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, nawe kitumie. Mtu akiuawa ndani ya kitabu, mimi hutazama nani anafiwa. Kwa Liyongo kuna mama, kwa Gabbar kuna mjane. Kwa Willy Gamba nilisoma kurasa nyingi na sikumbuki matanga hata moja. Maiti zilikuwa kama maganda ya machungwa ya Muheza sokoni, unayaruka unaendelea na safari. Vitabu vingi vya hao wenye majoho viko hivyo: jengo linaanguka na watu ndani, ukurasa unaofuata shujaa anatabasamu. Hivyo ndivyo ninavyovihofia, hata visipoonyesha tone la damu.

Sasa nimeikuza picha uliyonitumia. Wewe umeona kichwa. Tazama kona ya chini, mkono wa kushoto, karibu na jibu la swali la saba. Kuna mlango, na mlangoni kuna mwanamke mdogo kama punje ya mchele, kajitanda kanga, mikono kichwani. Kachorwa kwa kalamu ya risasi, taratibu, hadi mistari ya pindo la kanga inaonekana. Kitabuni hakumkopi huyo, maana kule Gotham, mji wa Batman, hawajitandi kanga. Kamtoa Makorora.

Kwa hiyo usimwite mtoto na daftari mkononi kama polisi na kidhibiti. Ngoja jioni, ukiwa unapaa samaki, umwambie akae hapo akuonyeshe hivyo vitabu. Muulize huyo mama wa mlangoni ni nani, kisha unyamaze, umwache aseme. Jalada mara nyingi lina alama ya umri. Vyenye 17+ mtoe, na umwambie wazi kwamba umevitoa na kwa nini. Vya umri wake mwachie. Kishikwambi kilale chumbani kwako. Huyu wa miaka 6 ni habari nyingine, hapo sina mjadala: asivione kabisa, na taa mwachie iwake hadi mwenyewe aichoke.

Baba akitaka mtoto asomewe, asomewe, kisomo hakijamdhuru mtu. Ila asiambiwe ana shetani kwa sababu ya kuchora. Ungeniambia anatesa paka, anampiga mdogo wake, hali, halali, au kaacha kwenda kucheza mpira na wenzake, ningekutuma kesho asubuhi kwa mwalimu wa unasihi shuleni, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Hujaniambia hivyo.

Na mjomba akipiga simu kuuliza alete nini safari ijayo, mwambie karatasi nene za kuchorea. Pale kwenye shingo kijana amekandamiza ile kalamu nyekundu hadi daftari limetoboka, na hesabu za kugawanya za ukurasa wa pili zinachungulia tunduni.