Seva moja ya Cassandra inazubaa

*Tuna seva sita za Cassandra. Moja inachelewa kujibu, ingawa faili lake la mipangilio linafanana na ya wenzake. Nitajuaje kilichobadilika? – Msimamizi, Dodoma*

Ndugu msimamizi, una haki ya kutoliamini faili. Cassandra husoma cassandra.yaml inapowashwa tu. Aliyelihariri bila kuiwasha upya seva hajabadilisha kitu. Aliyetumia nodetool seva ikiwa kazini hakuacha alama humo, na badiliko lake litapotea seva ikizimwa.

Tangu toleo la 4.0, mwaka 2021, lipo jedwali system_views.settings, linaloonyesha mipangilio inayotumika wakati huo. Lisome kwa cqlsh, lakini kumbuka: linaeleza seva uliyoungana nayo peke yake. Ingia zote sita, kila moja kwa anwani yake, hifadhi majibu, kisha yalinganishe kwa diff. Anwani kutofautiana ni kawaida. Kasi ya kubana data (compaction) ikitofautiana, hapo pana mashaka. Ihakiki kwa nodetool getcompactionthroughput.

Yote yakilingana, kagua diski na kumbukumbu ya seva hiyo. Nodetool describecluster ikionyesha matoleo mawili ya skima kwa muda mrefu, usiguse majedwali, mwite mtaalamu.