Kuhesabu Wasioonekana

Katika Injili ya Yohana, mlango wa 21, twasoma habari za wavu wa Simoni Petro uliokuwa na samaki wakubwa 153. Samaki walio wavuni huhesabika. Lakini waliobaki ziwani ni wangapi? Mvuvi wa Ziwa Basotu, huko Hanang, hawezi kulikausha ziwa apate kujua. Hata hivyo njia iko, nayo ni hesabu ya uwiano tuliyofundishwa shuleni.

Tuseme amevua samaki 200, akawatia alama pezini, akawarudisha majini wangali hai. Baada ya siku kadhaa avua tena, apata 120, na kati yao 8 wana alama. Basi katika kila samaki 15 mmoja ana alama. Ikiwa ndivyo ilivyo wavuni, na ziwani ni vivyo hivyo. Na kwa kuwa wenye alama ni 200, wote ni 15 mara 200, yaani 3,000. Njia hii hata leo hutajwa kwa jina la C. G. J. Petersen wa Denmark, aliyeandika mwaka 1896 habari za samaki wa bahari aliowatia alama.

Wazee wa usharika waweza kuitumia kwa watu pia. Tuseme mvua zimekosekana, na unga wa uji umeletwa kwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kitabu cha ubatizo kina majina 90. Daftari la kliniki lina 60. Majina 30 yamo katika vyote viwili. Kliniki, basi, imewapata 30 katika 90 wa kanisa, ndiyo theluthi moja. Ikiwa imewapata watoto wote kwa kadiri hiyohiyo, wale 60 ni theluthi ya wote, na wote ni 180. Lakini majina yaliyoandikwa, tukiondoa yaliyorudiwa, ni 120 tu. Watoto 60 hawamo po pote! Asiyefanya hesabu hii atagawa unga kwa 120, akidhani amemaliza kazi.

Hapa yatupasa kuangalia sana, maana hesabu yaweza kuwa sahihi na jibu likawa la uongo. Uwiano wataka samaki wachanganyike. Wenye alama wakikaa pwani, na wavu ukatupwa pwani tena, wataonekana wengi kupita kiasi, na ziwa litadhaniwa kuwa na samaki wachache. Ndivyo ilivyo kwa watu. Jamaa ya Kiiraqw iliyojenga karibu na kanisa yaelekea kuwa karibu na kliniki vilevile. Mtoto wao huandikwa mara mbili. Jamaa ya Kibarabaig inayohama na ng'ombe kufuata malisho yaelekea kukosa kuandikwa mara zote mbili. Kwa hiyo 180 yenyewe ni ndogo, na upungufu wote wawaangukia watoto wa wafugaji, ambao pengine njaa imewafikia kwanza, maana ng'ombe wakikonda maziwa hukauka.

Dawa yake si kuongeza watu kwa kubahatisha. Watu wa vijijini na watu wa maboma wahesabiwe mbalimbali, kila kundi kwa orodha zake mbili, ndipo majibu yajumlishwe. Kwa wafugaji, orodha moja iandikwe penye maji ya kunyweshea, na ya pili bomani kwa bomani, na mtu ajuaye Kibarabaig.